Mtoto wa Delta Afundishwe Ukame Upi?

Mada: Somo la ukame katika shule za msingi za Rufiji na Kibiti lifundishwe kwa mifano ya bonde na delta yenyewe, hata pale mifano hiyo inapogusa bwawa, mifugo na mashamba ya wazazi.

Wazungumzaji: Mwalimu wa Jiografia na Mazingira, Mkulima wa mpunga wa bondeni, Mzazi (mama wa visiwani kwenye delta), Mfugaji aliyetoka Usangu.

MWALIMU: Naunga mkono hoja. Muulize mtoto wa darasa la tano hapa Kibiti ukame ni nini, atakujibu hapohapo: ni kukosekana kwa mvua kwa muda mrefu. Hutokea wapi? Dodoma, Singida, Shinyanga. Mwambie achore, atakuchorea ardhi iliyopasuka na fuvu la ng'ombe. Majibu yote sahihi, nami nampa alama zake. Lakini mtoto huyohuyo, kama kwao ni visiwani, asubuhi ameoga maji ya kisima kilichoingia chumvi kwa sababu mto umepungua nguvu za kuisukuma bahari. Hajui kwamba huo nao ni ukame, na kwamba ndio wa kwao. Tunamfundisha ukame wa watu wengine, wake tunamwachia aujue akishakua.

MKULIMA: Napinga. Mtu wa Rufiji anafundishwa kukosa maji? Mwalimu, Aprili 2024 ulikuwa wapi? Maji yalifunika mashamba na nyumba, Rufiji hadi Kibiti, watu wakahama makwao. Hatujakaa sawa, mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya. Watoto waliopanda mtumbwi mlangoni mwa nyumba zao wenyewe, leo unawakalisha darasani uwaambie tatizo ni ukame. Wafundishe mafuriko. Wafundishe kuogelea.

MWALIMU: Kuogelea nakubali, mzee wangu. Ila mafuriko yana watu wa kuyasemea. Yakija, boti zinakuja, viongozi wanakuja, magodoro na unga vinakuja, picha zinatoka magazetini. Ukame hauna siku ya kuanza. Vuli inachelewa, mtu anapanda mara ya pili. Mbegu inaota, inanyauka. Baada ya Mwaka Mpya anauza mbuzi, halafu anauza mabati aliyonunua kwa pesa ya korosho, halafu mtoto anaacha kuja shule, nami kwenye daftari la mahudhurio naandika "mtoro". Mwishoni mwa 2022 mto Ruvu ulipungua mpaka Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji, nchi nzima ikajua. Kisima cha shule ya kijijini kikikauka, anajua nani?

MZAZI: Tunajua sisi tunaokwenda kuteka. Mimi sijakubali wala sijakataa, nina swali. Mtihani unauliza nini? Mwanangu akiandika kwamba ukame ni chumvi kuingia kisimani, huyo anayesahihisha, ambaye hajawahi kukanyaga Nyamisati, atampa alama? Wenzake wataandika "kukosekana kwa mvua", watafaulu. Wangu atakuwa amesema kweli ya kwao na amefeli. Kisima anakijua tangu anajifunza kutembea. Mimi namsomesha ajue yale asiyoyajua.

MWALIMU: Mama, swali lako ni la haki, na siwezi kukuahidi moyo wa msahihishaji. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 unataka mtoto aweze kutenda, asiishie kukariri. Jibu la mtihani nitampa kama lilivyo. Baada ya hapo nitamuuliza swali la pili: kwenu ukame unaonekanaje? Atakayeweza kujibu hilo la pili, la kwanza halitamshinda. Anayekariri tu, swali likigeuzwa kidogo anapotea. Hilo nimeliona kwenye kila rundo la madaftari ninalosahihisha.

MZAZI: Na vipindi vya kuuliza swali la pili unavitoa wapi? Shule zetu za visiwani walimu ni wa kuhesabu, mmoja ana madarasa mawili. Swali la kwanza lenyewe halimaliziki.

MKULIMA: Kabla hajatafuta vipindi, atusomee kwanza orodha ya visababishi vya ukame. Nimemsikia mjukuu wangu akiikariri barazani: ukataji miti ovyo, uchomaji moto misitu, kilimo kisichofaa, ufugaji holela. Kila mstari una mtu wa hapa. Aliyefyeka mikoko alime mpunga ni jirani yangu. Anayechoma moto kusafisha shamba ni mimi. Mtoto akimaliza kukariri ananitazama. Sikusikia mstari unaotaja moshi wa viwanda vya nchi tajiri, wala anayelala na kiyoyozi mjini. Somo limekwisha, na aliyetiwa hatiani ni mwenye jembe. Halafu unaniambia sasa mtalifanya la kwetu zaidi! Mkilileta karibu hivyo, mtoto atarudi nyumbani kama askari wa misitu.

MFUGAJI: Mzee kalalamikia mistari mitatu, akaniachia wa nne. "Ufugaji holela" ni mimi. Mwaka 2006 tulitolewa Usangu, kwenye bonde la Ihefu, tukaambiwa ng'ombe wetu ndio wanaoukausha mto Ruaha Mkuu. Wengi tukaelekezwa Lindi na huku Pwani. Sasa wanangu wanasoma darasa moja na wajukuu wa mzee, na siku ya somo la ukame wenzao wanawageukia: ninyi ndio mliokausha mto. Mwalimu yupo mbele, chaki mkononi. Kama hilo ndilo somo, mimi nami napinga.

MWALIMU: Hapo ndipo ninapotaka orodha ivunjwe, na inavunjwa kwa ramani na hesabu. Mto Rufiji unaanzia pale mito ya Kilombero na Luwegu inapokutana, Ruaha Mkuu unaingia baadaye. Eneo linalomwagia maji Ruaha Mkuu ni karibu nusu ya bonde lote la Rufiji, lakini maji yake ni kama asilimia 15 tu ya maji ya mto. Kilombero peke yake unaleta zaidi ya asilimia 60. Ni kweli Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kila kiangazi kwenye hifadhi ya Ruaha tangu 1993, na ubishi wa nani aliukausha haujaisha: wako wanaotaja ng'ombe, wako wanaotaja mifereji ya mashamba ya mpunga ya Usangu. Lakini mtoto wa Kibiti akijua hesabu hiyo, atajua kwamba maji yake yanategemea zaidi mvua inayonyesha kwenye milima ya Udzungwa na mabonde ya Kilombero. Kumwambia mwenzake "mmekausha mto wetu" kutakuwa kosa la hesabu.

MKULIMA: Hesabu nzuri. Na mvua ya huko ikikataa, imekataa kwa sababu gani? Kwa sababu mimi nimekata mkoko?

MWALIMU: Hapana. Vuli ya pwani hutawaliwa zaidi na bahari. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yakipoa kuliko ya upande wa Indonesia, au Pasifiki ikiingia La Niña, vuli mara nyingi hupungua. Yakipata joto na El Niño ikaungana nayo, kama 1997 na 2023, tunazama. Mkoko ukikatwa una madhara yake, tena makubwa: kamba wachanga wanakosa mahali pa kukulia, ufukwe unaliwa na mawimbi. Lakini kumwambia mtoto kwamba baba yake kwa panga lake amezuia vuli ya Afrika Mashariki ni kumdanganya. Mimi ninachotaka kufundisha ni kupima uzito wa kila sababu. Orodha inayopanga panga la mkulima na joto la bahari mstari mmoja baada ya mwingine, kama vile vinalingana, ndiyo inayokuumiza mzee, na ndiyo inayobaki vitabuni tukikataa mifano ya hapa.

MFUGAJI: Hilo la kupima uzito nalikubali. Ila ongeza jambo moja: ukame unahamisha watu. Mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022 ng'ombe walikufa kwa maelfu Simanjiro na Longido. Mwenye ng'ombe akiona hivyo hakai kungoja, anafuata majani. Majani ya kiangazi yako wapi? Bondeni Rufiji. Mtoto wa mkulima akijua mvua imekosekana huko juu, atajua pia kwamba makundi yatashuka, na yatashuka lini. Watu wazima wakae mapema wapange njia za mifugo na malambo, kabla ng'ombe hajaingia kwenye mpunga.

MKULIMA: Wewe unasema "wapange" kwa ulaini kama vile hatukupanga. Vurugu za wakulima na wafugaji za Ikwiriri mwaka 2012 unazikumbuka. Mipango ilikuwepo kwenye makaratasi. Ng'ombe hasomi karatasi. Na mimi nasema kweli yangu mbele yako: ukame wangu mimi una pembe. Mvua ikinipunja, nusu ya mpunga inabaki. Kundi likipita usiku, haibaki hata ya mbegu. Mwalimu atalifundisha hilo, au atasema ni uchochezi?

MFUGAJI: Afundishe. Na afundishe pia kwamba mwenye ng'ombe aliyetolewa kwao hakuulizwa anataka kwenda wapi.

MWALIMU: Nitafundisha yote mawili kama yalivyosemwa hapa, na mtoto wa kila upande aandike hoja ya mwenzake kabla ya kuandika yake.

MZAZI: Naona mnaongea bonde, bonde, bonde. Delta nani anaisemea? Sisi mvua inaweza kunyesha vizuri tu na bado tukawa na ukame. Mto ukipungua, bamvua linaingia mbali, maji chumvi yanapanda kwenye vijito mpaka kwenye majaruba. Mpunga unageuka rangi ya majivu kuanzia kwenye ncha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mto ulihama njia, maji mengi yakaenda matawi ya kaskazini. Wa kusini wakabaki na chumvi na mashamba yasiyozaa, na mvua ilikuwa ileile. Hao walipatwa na nini kama si ukame? Na kamba nao wanataka maji baridi yashuke ili wakue. Mwaka wa mto mdogo, wavu unarudi mwepesi. Dumu la maji la kununua linakuja kwa mtumbwi, bei anapanga mwenye mtumbwi.

MWALIMU: Mama, umelifundisha somo langu lote.

MZAZI: Usinipongeze bado. Kwa sababu kinachofuata ni kwamba wewe utamwambia mwanangu wa kike achukue daftari aende kisimani akapime chumvi. Kisima kikiharibika anateka mtoni, na mtoni kuna mamba. Watoto wetu wameshaliwa na mamba wakiteka maji. Somo lenu la vitendo litamfikisha hapo?

MWALIMU: Halitamfikisha mtoni. Vipimo vinaweza kufanyika uani mwa shule. Kopo lenye pande zilizonyooka na rula ni kipimo cha mvua. Ukiandika milimita kila siku, mwisho wa msimu darasa zima lina rekodi yake. Maji ya kisima, kila nyumba ilete kikombe kutoka mtungini. Mwalimu anayachemsha kwenye sufuria ndogo hadi yakauke, chumvi inabaki chini, watoto wanalinganisha maji ya bamvua na maji ya siku za maji mafu. Mamba hayumo kwenye somo hilo.

MZAZI: Sawa, mamba umemkwepa. Njaa je? Uji wa shule unapikwa kwa michango yetu. Mwaka wa ukame ndio mwaka wa kukosa mchango, na mwaka huohuo ndio mtoto anauhitaji uji. Asiyechangiwa anarudi nyumbani mchana kwa miguu, au anakaa akiwatazama wenzake wakinywa. Halafu saa nane unaingia darasani unamfundisha "athari za ukame: njaa, utapiamlo". Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mtoto huyo athari unayoiandika ubaoni anaisikia tumboni. Mimi nasema somo la kwanza la ukame ni sufuria ya uji. Kama shule haina uji, inyamaze.

MWALIMU: Tukinyamaza, uji utatoka wapi? Mwaka mbaya hauji kwa kushtukiza kama inavyodhaniwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza utabiri wa vuli mapema, kabla ya Oktoba. Darasa linaloweza kusoma utabiri na kuueleza kwenye kikao cha wazazi linaipa shule muda wa kutenga magunia kipindi korosho zinauzwa. Elimu hiyo haiondoi njaa ya leo, nakubali. Inaweza kupunguza ya Februari.

MKULIMA: Unazungumzia utabiri, mimi nakuuliza kuhusu ujuzi. Sisi tulikuwa na kinga yetu. Mto ukijaa kiasi, ukapanda bondeni ukashuka, unaacha tope bichi. Tunapanda mlao: mahindi, kunde, maboga. Vuli ikose, masika ikose, mlao unakula unyevu wa mto. Yaani mvua ya Kibiti ikikataa, tunakula mvua ya Kilombero. Mafuriko ya kiasi yalikuwa ghala letu. Na maziwa ya bondeni, Ruwe, Utunge, Mtanza, Zumbi, yalikuwa yanajazwa na mafuriko hayohayo, samaki wakaingia. Baada ya mafuriko ya 1968 Serikali ikatutoa bondeni, tukapangwa vijijini juu, tukaambiwa mto ni adui. Shule ikafundisha hivyohivyo. Sasa leo shule hiyohiyo inakuja na ukame. Imeuliza lini jinsi tulivyokuwa tukiukabili?

MWALIMU: Ndiyo maana hoja inasema mifano ya bonde. Mlao uingie kwenye somo. Wewe uje uufundishe.

MKULIMA: Wapi? Darasani, kwenye saruji? Msimu wa kilimo tunavuka mto, tunakaa kwenye madungu miezi kadhaa tukiwinga ndege na nguruwe. Watoto tunakwenda nao. Huko wanajifunza kusoma tope, kujua lini maji yanapanda, mbegu gani inavumilia. Na wewe mwenyewe umesema unaandika nini kwenye daftari lako: "mtoro". Shule inamwita mtoro yule anayejifunza ukame, na inamwita hodari yule anayeukariri.

MWALIMU: Hilo limenigusa, na sitalikimbia. Lakini mzee, mtoto akikaa dunguni miezi hiyo yote kwa miaka kadhaa, anarudi hajui kusoma, na bila kusoma hatausoma mkataba, wala tangazo la kuhamishwa, wala utabiri. Ujuzi wa bondeni uliwalinda mlipokuwa na bonde. Mwaka 1968 aliyewahamisha alikuja na karatasi.

MKULIMA: Kweli. Na wengi wetu hatukuweza kuisoma.

MFUGAJI: Sisi pia 2006.

MZAZI: Hapo wanaume mmekubaliana. Basi tuingie kwenye jambo ambalo Mwalimu analizunguka tangu tumeanza. Bwawa.

MKULIMA: Ndiyo. Fundisha bwawa kama una ubavu.

MWALIMU: Nafundisha. Bwawa la Julius Nyerere, mitambo tisa, megawati 2,115. Lilianza kujazwa maji tarehe 22 Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme mwanzoni mwa 2024. Mtoto ajue pia yaliyotangulia: mwaka 2006 ukame ulishusha Mtera na mabwawa mengine, nchi ikaingia gizani kwa mgao. Ukame ni sehemu ya historia ya bwawa hilo.

MKULIMA: Hayo ni ya redio. Mimi nauliza la shambani. Yale mafuriko ya kiasi, ya kupandia mlao na kujaza maziwa, yakizuiwa nyuma ya ukuta yakatolewa kidogokidogo ili mitambo izunguke, mimi niliyeko chini nitakuwa nimepatwa na ukame au sijapatwa? Mvua imenyesha, mto unatiririka, ila bonde halijalowa. Na mwaka wa maji mengi mno, kama 2024, bwawa likijaa linafungua, tunazama kama kawaida. Mtoto akiuliza hivyo, utajibu nini?

MWALIMU: Nitamwambia ukweli wa pande mbili. Serikali ilisema mwaka 2024 bwawa lilizuia maji mengi ambayo yangeleta maafa makubwa zaidi. Wakazi wengi wa bondeni waliona maji yalizidi malango yalipofunguliwa. Kuhusu kiangazi, mitambo ikifanya kazi mwaka mzima, maji yanashuka mwaka mzima, hata miezi ambayo zamani mto ulikuwa mwembamba. Hilo linaweza kuisukuma chumvi.

MZAZI: Linaweza? Kama ni kweli, mimi naliunga mkono bwawa. Mto ukishuka na maji Oktoba na Novemba, visima vyetu vinapona. Mimi simlilii mzee mafuriko yake.

MKULIMA: Unaona! Mama anataka mto uende sawasawa, mimi nataka upande na kushuka. Mto mmoja, wilaya mbili, na kila mmoja wetu ana ukame wake unaoponywa na ugonjwa wa mwenzake. Sasa Mwalimu utamfundisha mtoto yupi ana haki?

MWALIMU: Nitamfundisha kwamba maji yanayotolewa bwawani ni uamuzi wa watu: kiasi gani, mwezi gani, kwa ajili ya nani. Mvua hatuijadili. Ratiba ya malango inajadilika. Mtoto anayeamini ukame wote unatoka mbinguni hatauliza swali hilo kamwe. Anayeamini wote unatoka bwawani atakuwa amedanganywa vilevile.

MKULIMA: Maneno mazuri, Mwalimu, lakini wewe ni mtumishi wa Serikali. Siku mkaguzi amekaa nyuma ya darasa, utachora ubaoni safu mbili, faida na hasara, au utachora moja?

MWALIMU: Nitachora mbili. Zote zina takwimu na majina ya mahali, hakuna tusi ndani yake. Kama nitaambiwa nifute, watoto watakuwa wameshanakili.

MFUGAJI: Na wa Usangu nao watiwe kwenye safu. Anayefungulia maji mfereji wa mpunga kule juu ana watoto shuleni pia. Wao wanafundishwa kwamba delta ipo?

MZAZI: Swali hilo ni zuri kuliko yote mliyouliza. Sisi tunasoma habari za Kilombero, wa Kilombero wanasoma habari zetu?

MKULIMA: Nina moja la mwisho, na hili nalipinga kabisa. Nimesikia mnataka wazee waje wafundishe vyakula vya njaa. Ndiga, kile kiazi cha porini, kwa mfano. Ndiga ni sumu. Unaimenya, unaikata vipande vyembamba, unailoweka kwenye maji yanayotembea siku kadhaa, unaiosha, unaianika, na mzoefu ndiye anayesema iko tayari. Mtoto akisikia nusu ya somo hilo kabla kengele haijalia, akaenda kuchimba mwenyewe, mtakuja kuzika. Hayo ni ya bibi na mjukuu jikoni. Yabaki huko.

MWALIMU: Na bibi akiondoka? Kizazi kinachojua kuichambua ndiga kinapungua kila mwaka. Mtoto wa leo njaa ikimkuta atakutana na ndiga bila bibi. Mimi nasema shule ifundishe angalau hili: kwamba ni sumu, kwamba kuna namna, na kwamba namna hiyo wanaijua akina nani kijijini.

MZAZI: Hapo niko na mzee. Ukame unafundishwa kwa watoto wa miaka kumi. Mwalimu akosee herufi, inafutwa. Akosee ndiga, haifutiki.

MFUGAJI: Na mimi nipo na Mwalimu. Kwetu mtoto wa miaka kumi anajua jani gani linamuua ng'ombe. Angengoja akue, ng'ombe wasingekuwepo.

MKULIMA: Basi iandikeni kwamba hatukukubaliana. Msimamo wangu ni huu: somo la mifano ya hapa nitalikubali siku orodha ya visababishi itakapobadilishwa, na mlao utakapoandikwa kama ujuzi. Na shule ikubaliane na vijiji juu ya miezi ya madungu. Mtoto anayevuka mto apewe kazi ya kuandika huko, asiandikwe mtoro. Kabla ya hapo napinga.

MFUGAJI: Mimi naunga mkono kuanzia leo, kwa sharti kwamba hesabu ile ya Ruaha na Kilombero ifundishwe wiki ya kwanza, kabla neno "ufugaji holela" halijasomwa.

MWALIMU: Naunga mkono kama nilivyoanza, na masharti yenu nayachukua. La madungu liko nje ya uwezo wangu. Nitalipeleka kwenye kamati ya shule, na linastahili kufika Halmashauri zote mbili.

MZAZI: Na mimi nihesabiwe nimeunga mkono, kwa sababu moja tu: mwanangu ana haki ya kujua kinachomtia chumvi kisimani kinatoka wapi. Lakini tusidanganyane kwamba tukishabadilisha kitabu tumemaliza. Vuli huanza Oktoba, na utabiri unakuja kabla yake. Kati ya hapo kila shule ya bonde na delta iite kikao cha wazazi, watoto wasimame wasome utabiri na rekodi ya kopo lao la mvua. Na ajenda ya kwanza ya kikao hicho iwe uji.